Si kila majivu: maneno kwa vijana wa Kyavinyonge juu ya sima, chumvi na maganda ya mpunga

Maneno haya yalisemwa Kyavinyonge mbele ya vijana, wavuvi na bamama wa samaki. Tumeyaweka hapa kwa sababu vijana wengi wa Beni na Butembo nao wanauliza jambo lile lile. Tumeondoa salamu ndefu tu.



Nianze na barua yenu. Mlituandikia kwamba mnataka kujenga dale ya beto hapa karibu na maji, mahali bamama watapasulia samaki, kuosha na kutia chumvi, ili samaki wasilale tena juu ya mchanga na matope. Mkapima: mita 10 kwa mita 6. Mkahesabu sima, mkaona mchango hautoshi. Halafu mmoja wenu akaona video kwenye simu, mtu anachanganya majivu na sima, na anasema beto yake inakuwa ngumu kuliko ile ya kawaida. Mkatoka nje, mkaangalia nyuma ya matanuru ya kukaushia samaki, mkaona malundo ya majivu yanangojea tu upepo. Mkatuuliza: tutumie haya?

Jibu langu ni fupi. Majivu ya moto wa samaki, hapana. Lakini ile video haikusema uongo. Kati ya hayo maneno mawili ndipo kuna kazi yote ya leo.

Ninasema hivi nikiwa na haya kidogo, juu mimi mwenyewe niliwahi kufanya kile mlichotaka kufanya. Ilikuwa Butembo, katika mtaa wetu, siku ya salongo. Tulikuwa na mtaro mkubwa unaokata njia, na watoto wanauruka kila asubuhi wakienda shule. Tukachangisha, tukapata mifuko michache ya sima, haikutosha kutengeneza vifuniko vyote. Mimi ndiye niliyeona video. Mimi ndiye niliyesema, “Bakamarade, tuko na majivu kila jikoni, tunangoja nini?” Tukakusanya majivu ya makala na ya kuni, ndoo kwa ndoo, tukachanganya karibu nusu kwa nusu. Beto ilikuwa na rangi nzuri, nyororo, tukapiga picha. Watu walitusifu. Mvua ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Kisha siku moja mtoto aliyebeba bidoni ya maji akakanyaga katikati, kifuniko kikavunjika kama mkate mkavu, akaingia nacho chini. Mguu ulivunjika. Tulichangisha tena, safari hii kwa ajili ya hospitali.

Hakuna kotrakta wa kulaumu katika hadithi hiyo, wala kiongozi. Ni sisi. Toka siku ile nimekuwa nikiuliza mafundi, waalimu na wanafunzi wa ujenzi: kwa nini majivu ya yule wa kwenye video yalikubali, na yetu yakakataa?

Tuone kwanza sima yenyewe inafanya nini. Watu wengi wanafikiri sima inakauka kama udongo. Haikauki, inashikana. Ukitia maji, sima inakula maji hayo na kuzaa kitu kinachofanana na gundi ya jiwe. Hiyo ndiyo inayofunga mchanga na kokoto. Lakini pamoja na gundi hiyo, sima inazaa pia chokaa nyingi ambayo haina kazi kubwa. Inakaa tu ndani ya beto, na maji yakipita yanaitoa pole pole. Ni ile rangi nyeupe mnayoiona inatoka kwenye kuta zenye unyevu.

Sasa, kuna vumbi fulani ambazo zikikutana na chokaa hiyo ndani ya maji zinaigeuza kuwa gundi nyingine. Chokaa iliyokuwa inakaa bure inaingia kazini. Mafundi wanaita vumbi hizo pozolana, jina lililotoka Pozzuoli, mji wa Italia ulio karibu na volkano, ambako Waroma wa zamani walichimba majivu ya volkano na kujengea. Kumbe siri yote ni silika. Si silika yoyote: mchanga wa ziwa ni silika pia, lakini imejipanga ndani kama kristali, imefunga mlango. Inahitajika silika iliyo na mlango wazi, ambayo haijajipanga.

Mpunga ndio mmea wetu ambao umejaza silika ndani ya ganda. Unaivuta kutoka udongo na kuiweka nje ya punje kama ngozi ngumu. Mtu aliyewahi kulala juu ya gunia la maganda ya mpunga anajua yanavyokwaruza. Ukichukua kilo 100 za mpunga ukazikoboa, karibu kilo 20 ni maganda. Ukiyachoma maganda hayo vizuri unabaki na majivu kilo 4 hivi, na katika majivu hayo silika ni kati ya asilimia 85 na 95. Hakuna jiko la makala litakalokupa hiyo. Toka miaka ya 1970 watafiti wamefanya kazi nyingi juu ya majivu haya, mmoja wao anayejulikana sana akiwa P. K. Mehta wa chuo kikuu cha California, Berkeley. Kwa hiyo si uchawi wa video.

Majivu ya kuni ni kitu kingine. Mengi ndani yake ni chokaa isiyo na nguvu tena na potasi. Bamama wanalijua jambo hili kuliko mainjinia: ukichuja maji katika majivu unapata yale maji yanayoteleza mkononi, ambayo wazee wetu walipikia na kutengenezea sabuni. Ni mazuri kwa sabuni. Ndani ya beto, potasi nyingi inavuruga namna sima inavyoshika, na kwa kokoto za aina fulani inaanzisha ugonjwa wa ndani ambao unapasua beto baada ya miaka. Maganda ya kakao, ya Beni na Watalinga, ni hivyo hivyo: potasi. Maganda ya kahawa pia. Msidanganyike na rangi ya kijivu, majivu yote yana rangi ya kijivu.

Na haya yenu ya hapa Kyavinyonge yana kasoro moja zaidi. Yameangukiwa na mafuta ya samaki na chumvi. Chumvi ndani ya beto inakula chuma. Mtaweka vyuma vizuri leo, na baada ya miaka vimevimba kutu na kupasua dale kutoka ndani. Hayo majivu myapeleke kwenye mashimo ya choo, yapunguze harufu. Kwenye beto hayaingii.

Mama mmoja aliniuliza hapo njiani kama kiwanda kikubwa nacho kinachoma maganda. Ndiyo, mama. Sima nyingi tunayonunua inapita Kasindi ikitoka Uganda, na Hima, kiwanda kilicho upande wa pili wa Ruwenzori katika wilaya ya Kasese, kimekuwa kikichoma maganda ya kahawa ya wakulima katika tanuru lake ili kupunguza mafuta ya kununua. Kwa kahawa wao wanatafuta moto. Majivu kuwa gundi ni habari nyingine.

(Nifungue mabano kidogo. Nchi hii ina viwanda vya sima. Vingine viko Kongo ya Kati, mbali kabisa magharibi, na kimoja cha huko kina jina la Kiswahili safi: Nyumba Ya Akiba. Sisi tunaosema Kiswahili kila siku tunanunua sima ya jirani, na kule ambako watu wanasema Kikongo na Lingala, kiwanda kina jina letu. Barabara ingekuwepo, tungecheka pamoja.)

Sasa jambo ambalo video haisemi kamwe, na linaweza kuwaharibia kazi yote. Kabla ya kuongeza kitu ndani ya sima, soma mfuko. Kuna herufi na namba pale: CEM I, CEM II, CEM IV, halafu 32.5 au 42.5. Namba za mwisho ni nguvu ambayo sima hiyo inapaswa kufikia baada ya siku 28. Herufi zinakuambia ndani kuna nini. CEM I ni karibu yote kilinka, yaani jiwe lililochomwa kiwandani na kusagwa. Angalau asilimia 95. Lakini CEM IV ni sima ambayo kiwanda chenyewe kimeshatia pozolana: CEM IV/A kati ya asilimia 11 na 35, CEM IV/B kati ya 36 na 55. Mnaelewa? Huo mfuko umekwisha kuchanganywa. Chokaa iliyo ndani yake imeshapata mwenzake. Ukiongeza majivu yako juu yake, majivu hayana chokaa ya kula, yanabaki kuwa vumbi tu, na umepunguza sima bure. Majivu yanaongezwa kwenye CEM I, au kwenye CEM II iliyo na vitu vichache vya kuongeza. Kama duka la Butembo au la Kasindi halina isipokuwa CEM IV, basi jengeni na hiyo peke yake, msitie kitu.

Twende kwenye kuchoma, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Maganda ya mpunga hayapendi moto mkali. Kuanzia digrii 500 hadi 700 silika inabaki na mlango wazi. Ukipita 800 na kuacha moto ukae, inaanza kujipanga kuwa kristali, na umetengeneza mchanga wa bei kali. Moto ukiwa mdogo mno nao, yanabaki meusi, yamejaa makala, na makala yanakunywa maji yote ya beto. Kwa hiyo usimwagie mafuta, usipulize na feni. Tengeneza duara la wavu wa chuma au la matofali yaliyoachiwa nafasi za hewa, katikati simamisha bomba la wavu ili moshi upande, jaza maganda, washa, halafu acha yaungue yenyewe pole pole kutwa nzima. Acha yapoe taratibu. Unatafuta rangi ya kijivu cheupe. Yakiwa meusi, yarudishe. Yakigeuka kuwa na wekundu wa waridi, moto ulizidi.

Baada ya hapo lazima yasagwe mpaka yawe laini kama sima yenyewe. Bila kusaga, faida yake ni ndogo. Ninawaomba jambo moja: msipeleke majivu kwenye mashini ya kusagia unga wa muhogo. Nimeona kijana mmoja anataka kufanya hivyo, mwenye mashini alimfukuza, na alikuwa na haki. Pipa la chuma lenye vipande vizito vya chuma ndani, linalozungushwa, linatosha kwa kiasi kidogo. Na mfunike mdomo na pua kwa kitambaa kizuri au maski, mwanzo mpaka mwisho. Vumbi la silika likikaa ndani ya mapafu halitoki, na lile lililochomwa kupita kiasi ndilo baya zaidi. Hakuna dale yenye thamani ya mapafu ya mtu.

Sasa hesabu, maana kwa hesabu ndipo nilibadilisha mawazo yangu.

Dale yenu ni mita 10 kwa 6, na unene wa sentimita 10. Hiyo ni mita kibu 6 za beto. Beto yenye vyuma, dozaji ya kawaida ni kilo 350 za sima kwa mita kibu moja, yaani mifuko 7. Kwa hiyo dale yenu ni mifuko 42. Tukitoa asilimia 15 na kuweka majivu ya mpunga, tunahitaji kilo 315 za majivu, na sima inashuka hadi mifuko 36. Umeokoa mifuko 6. Inasikika vizuri.

Lakini kilo 315 za majivu zinatoka kwenye maganda kilo 1 575. Na maganda hayo yanatoka kwenye mpunga karibu tani 8. Hapa Kyavinyonge hakuna mpunga, kuna samaki na parke. Mpunga uko upande wa Oicha na Mangina, kwenye mashini za kukoboa, ambako maganda yanatupwa au kuchomwa ovyo kando ya barabara. Maganda ni mepesi na yanajaza gari: kilo hizo 1 575 ni zaidi ya mita kibu 10, lori nzima ya kitu kinachopeperuka. Basi inabidi uchome kule kule na ulete majivu tu. Na majivu kilo 315 yanalipa usafiri sawa na mifuko 6 ya sima! Barabara haijui kama umebeba sima au majivu. Vizuizi vya njiani navyo havijui.

Halafu kuna jambo ambalo siwezi kulipita kimya. Huo mpunga unalimwa mahali watu wamekuwa wakiuawa mashambani toka mwaka 2014. Kuna mashamba ambayo mwenyewe anayaona kwa mbali, hathubutu kwenda kuvuna. Nikisema “maganda yanatupwa bure,” nisisahau mtu aliyehatarisha maisha yake ili ganda hilo lifike kwenye mashini. Tukianza kuyatumia, mwenye mpunga naye apate kitu.

Kwa hiyo, juu ya bei, ninawaambia ukweli: kwa dale moja, hapa Kyavinyonge, akiba ni ndogo, au hakuna. Kwa vijana wa Oicha, wa Beni, wa Mangina, ambao wanaishi kando ya lundo, hesabu ni nyingine kabisa. Wao ndio wangepaswa kuanza kesho, kwa matofali ya sima na kwa njia za miguu. Nikifika kwao nitasema hivyo.

Basi kwa nini nimekuja na magunia mawili ya majivu kutoka kule? Juu ya chumvi.

Fikirieni kazi ya dale hii. Kila siku maji ya chumvi yatamwagika juu yake, damu ya samaki, mafuta, halafu maji ya kuosha. Beto ya kawaida ina vijitundu, hata kama huvioni. Maji ya chumvi yanapita humo pole pole mpaka kwenye vyuma. Mmeona nguzo za beto ambazo zimepasuka na chuma chekundu kimetokeza nje. Safari yake ilianza hivyo. Majivu mazuri ya mpunga yana faida ambayo hata bila kuokoa franga moja ingeweza kutosha: ile gundi ya pili inayozaliwa na chokaa inaziba vijitundu. Beto inakuwa nzito ndani, na chumvi inapata shida kupita. Majaribio yaliyofanywa sehemu nyingi za dunia yanakubaliana juu ya hilo. Nchi zenye mpunga mwingi, India, Thailand, Vietnam, zimelifanyia kazi sana.

Watu wa mazingira watawaambia kwamba kutengeneza sima kunatoa asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni ya dunia nzima, na kwamba kupunguza sima ni kuokoa tabianchi. Ni kweli. Lakini mimi siwezi kuja kumwambia mama wa Kyavinyonge, ambaye maisha yake yote hajamaliza mifuko 10 ya sima, kwamba apunguze sima kwa ajili ya dunia. Waliotumia nyingi wapunguze kwanza. Yeye nataka dale yake ikae miaka 30.

Hata hivyo msiniamini mimi. Mtaa wetu uliniamini, mmeona matokeo.

Tutafanya jaribio, na kila mtu ataliona kwa macho yake. Tutatengeneza mijiti ya beto ya unene wa sentimita 5 kwa 5, urefu 50, kwa kokoto ndogo. Sita za sima tupu. Sita ambazo asilimia 10 ya sima imeondolewa na kuwekwa majivu. Sita za asilimia 15. Tunapima kwa uzito, si kwa ndoo, maana majivu ni mepesi na ndoo inadanganya. Mizani ya samaki inatosha kabisa. Kila kundi linaandikwa alama, na daftari linakaa kwa bamama, si kwetu.

Maji ni jaribu kubwa. Majivu ya mpunga yana kiu. Mkichanganya mtaona beto imekuwa ngumu kusukuma, na fundi atataka kuongeza maji. Msimkubalie. Kwa kila kilo 50 za sima na majivu pamoja, maji yasipite lita 25, na hapo uhesabu pia maji yaliyo ndani ya mchanga wenye unyevu. Ikiwa kwa asilimia 15 haisukumiki, rudini kwenye 10. Beto iliyoharibiwa na maji ni nyingi katika nchi hii kuliko iliyoharibiwa na kitu kingine chochote.

Mijiti ikitoka kwenye ubao, tunaifunika magunia yaliyolowa. Beto ya majivu inachelewa kushika nguvu, kwa hiyo inataka kunyweshwa siku nyingi zaidi. Dale yenyewe tutainywesha siku 14, na kwa watu wanaoishi kando ya ziwa sitaki kusikia kwamba maji yalikosekana. Siku ya 7 tunachukua mijiti mitatu ya kila kundi, tunaweka mmoja mmoja juu ya mawe mawili, tunaning'iniza ndoo katikati na kuijaza mchanga kidogo kidogo mpaka mti uvunjike, miguu ikiwa mbali. Tunapima ndoo, tunaandika. Siku hiyo ile ya majivu inaweza kushindwa, msikate tamaa. Siku ya 28 tunarudia kwa mijiti iliyobaki. Ikiwa majivu yameshindwa siku ya 28 pia, dale inajengwa na sima tupu na tunatafuta mifuko 6 mahali pengine. Ikiwa yamelingana au kushinda, tunaendelea. Chuo Kikuu cha Graben kiko Butembo, na shule za ujenzi ziko. Tutawapelekea sehemu ya majivu na kuwaomba wapime nao.

Neno la mwisho ni juu ya kuhesabu mifuko, na hili linaenda kwa wote watakaosoma, hata wasio na haja na majivu. Ile hesabu ya mifuko 7 kwa mita kibu, iwekeni kichwani. Siku mtakapoona shule au soko linajengwa kwa pesa ya raia, pimeni urefu, upana na unene, zidisheni, halafu hesabuni mifuko iliyofika kwenye shantie. Ikiwa inapaswa kuwa 42 na nyinyi mmeona 20, ulizeni kwa adabu, kwa maandishi, na muweke nakala. Na ninajua nini kitatokea watu wakisikia habari za majivu: kuna atakayejibu, “Tumetia majivu, ni teknolojia mpya.” Mwambieni alete majivu yake, aonyeshe yalichomwa wapi, yalisagwa na nini, mfuko wa sima ni CEM ngapi, na mijiti yake ilivunjika kwa kilo ngapi siku ya 28. Sisi wenyewe tutakuwa na majibu hayo kwenye daftari la bamama, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza.

Magunia mawili yako pale chini ya mti. Kesho asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, tunaanza kupima. Mwenye mizani asiisahau, na kila mtu aje na kitambaa cha kufunika pua. Mbao za kumwagia mijiti tumeshazikata. Zinazokosekana ni kokoto ndogo, safi, zilizooshwa, ndoo mbili hivi. Nani analeta?